Mzigo na Mandhari: Habari za Safari ya Pikipiki Zikisomwa kutoka Hombo

Fasihi ya safari katika Kiswahili ina umri mkubwa kuliko riwaya. Kabla James Mbotela hajatoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, Carl Velten alikwisha kuchapisha Safari za Wasuaheli mwaka 1901, na Heinrich Brode alikwisha kuchapisha habari za maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, katika miaka ya 1902 na 1903. Pamoja na ukongwe huo, kitanzu hiki kimepata wahakiki wachache, na mara nyingi hupimwa kwa mizani iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi za namna nyingine: je, msimulizi ameichora mandhari? Je, nafsi yake imebadilika njiani? Kazi isiyojibu maswali hayo huitwa kavu na kuachiwa wanahistoria. Makala haya yanadai kwamba mizani hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro yenyewe huonekana vizuri zaidi pale ambapo habari za safari ya pikipiki, zile za marafiki wanaofuata ukingo wa maji kwa furaha, zinaposomwa na watu ambao pikipiki kwao ni chombo cha kuchukulia mzigo. Mahali palipochaguliwa kwa usomaji huo ni Hombo.

Ramani ya eneo hilo ina hoja yake. Kutoka Bukavu, barabara ya taifa namba 2 huelekea kaskazini, upande wa magharibi wa Ziwa Kivu, ikipita Kavumu, Katana, Kalehe, Nyabibwe na Minova hadi Sake na Goma. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 200, barabara ikiyakaribia maji na kuyaacha, huku Kisiwa cha Idjwi kikionekana ng'ambo na vilima vikishuka hadi ziwani. Ziwa lenyewe liko juu sana, kiasi cha mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Huu ndio mwambao wa Kivu, na yeyote apendaye kusifu mandhari atapata cha kusifu. Lakini kabla ya Kavumu, pale Miti, njia hugawanyika. Barabara ya taifa namba 3 huacha ziwa, hupanda Tshivanga na kukata Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980. Kisha huteremka Bunyakiri na kufika Hombo, ambako mto wa jina hilohilo hutenga Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini: upande mmoja ni Kalehe, upande wa pili ni Walikale. Mbele yake kuna Chambucha, Musenge, Itebero, Walikale penyewe, na mbali sana Kisangani. Anayesimama Miti huchagua kati ya ziwa na msitu. Vitabu vingi vya safari ya pikipiki vimeandikwa na watu waliokwenda upande wa maji, na tabia za kitanzu zimetokana nao.

Katika vitabu hivyo, mashuhuri kuliko vyote ni Notas de viaje ya Ernesto Guevara, habari za safari aliyoifanya pamoja na rafiki yake Alberto Granado mwaka 1952. Kitabu kilitoka miaka ya mwanzo ya 1990, kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1995 na kuigizwa katika filamu mwaka 2004. Filamu hiyo ndiyo iliyowazoesha wengi picha ya vijana wawili, pikipiki moja na bara zima mbele yao. Kitabu chenyewe kina ubishi zaidi kuliko picha hiyo. Ni kweli kwamba kinaanzia pwani: wasafiri wanatoka Buenos Aires mwezi Januari, wanafika Villa Gesell na Miramar, na bahari inapewa nafasi yake. Lakini pikipiki, Norton kuukuu ya sentimita za ujazo 500 iliyopewa jina la La Poderosa II, yaani Yenye Nguvu ya pili, haina nguvu hata kidogo. Inaanguka tena na tena. Inafungwafungwa kwa waya. Inasukumwa. Ilipofika Chile ilikata roho, ikaachwa Santiago, na sehemu kubwa ya safari iliyobaki, hadi Caracas mwezi Julai, ilifanywa kwa miguu, kwa malori ya watu, kwa meli iliyoingiwa kwa siri na kwa chelezo.

Msomaji aliyezoea barabara ya Miti hadi Hombo hatashangazwa na waya. Atakachokiona mara moja, na ambacho wasifu wa kitabu hukipita haraka, ni suala la nani ameshika usukani na nani amekaa nyuma. Pikipiki ilikuwa ya Granado. Guevara, mwenye sauti ya usimulizi, kwa sehemu kubwa ya njia ni abiria. Nafsi ya kwanza ya kitabu, ile inayosifiwa kwa uhuru wake, imeketi juu ya chombo cha mtu mwingine na inaona dunia kutoka nyuma ya mgongo wa mtu mwingine. Granado naye aliandika habari zake, zikatoka Kuba mwaka 1978, na ni jambo la kusikitisha kwamba vitabu hivi viwili havisomwi pamoja mara kwa mara. Katika uhakiki wa fani, tofauti ya dereva na abiria si jambo dogo. Dereva hutazama ardhi hatua chache mbele ya gurudumu. Abiria hutazama pembeni. Mandhari ya kitabu cha safari, basi, ni jicho la abiria. Kuidai kwa kila msimulizi ni sawa na kumtaka dereva aache kutazama tope.

Jambo la pili linahusu muundo. Kitabu cha Guevara kinapata uzito wake baada ya pikipiki kufa. Akiwa na chombo, msimulizi ni kijana mcheshi anayesimulia vituko. Asipokuwa nacho, anakutana na watu. Katika jangwa la kaskazini mwa Chile anakaa usiku wa baridi na mume na mke maskini wanaokwenda kutafuta kazi ya mgodini, na kutoka hapo anafika katika mgodi wa shaba wa Chuquicamata. Kurasa hizo ndizo kilele cha kazi yote, ingawa hakuna hata wimbi moja la bahari ndani yake. Msuko, kwa hiyo, unatoka mwambao na kuingia mgodini, unatoka kwenye mandhari na kuingia kwenye kazi. Mwandishi mwenyewe, aliyeyapanga upya madokezo yake baada ya kurudi, anamwonya msomaji mapema kwamba aliyeyaandika na anayeyapanga si mtu yuleyule tena.

Hapa ndipo Hombo inapokigeuza kitabu. Walikale ni nchi ya madini; mgodi wa bati wa Bisie ulijulikana duniani kwanza kwa wachimbaji wadogo na wapagazi wao, na tangu mwaka 2019 kwa uchimbaji wa kampuni kubwa. Kwa mtu wa Hombo mgodi si kilele kinachofikiwa mwishoni mwa safari ya ujana. Mgodi, shamba na soko ndiko safari inakoanzia. Pikipiki hutoka msituni ikiwa imebeba, na ziwa ni mahali pa kushushia. Msuko wa Guevara umepinduliwa chini juu: mwambao unakuja mwisho, na unapokuja hauna maelezo mengi, kwa sababu anayefika ana haja ya kufungua kamba, kuhesabu na kulipwa.

Waendesha pikipiki wa Kivu, ambao huko huitwa motari, wana masimulizi yao. Hayajachapishwa, ila yana fani inayotambulikana na yeyote aliyewahi kuyasikiliza. Uti wa mgongo wake ni vituo, vikitajwa kwa mpangilio wa njia: daraja, kilima, tope, soko, kizuizi. Kwa kila kituo kuna kitenzi kimoja au viwili: kusukuma, kuvusha, kufunga upya, kungoja, kulipa. Abiria hutajwa kwa uzito na adabu yake kabla ya jina lake. Wenzake msimulizi hutajwa kwa alichokifanya kila mmoja pale chombo kilipozama: huyu alivuta, huyu aliinua nyuma, yule alishika mzigo usianguke. Urafiki katika masimulizi haya hauelezwi kwa maneno ya hisia. Unaelezwa kwa mgawanyo wa kazi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba wahusika huchorwa kwa mazungumzo na tafakuri atasema kwamba hapa hakuna wahusika. Amekosea, maana kila mmoja amekwisha kuchorwa kwa mahali aliposhika.

Wala fani hii haikuzuka Kivu peke yake bila asili. Ni jamaa ya karibu ya usimulizi wa misafara. Selemani bin Mwenye Chande, katika mkusanyo wa Velten, anakwenda bara akitaja vituo, hongo na masharti ya wenyeji. Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani, anaichukua fani hiyohiyo na kuivusha theluji. Tippu Tip anasimulia miaka mingi ya maisha ya njiani kwa frasila za pembe, idadi ya watu, siku za mwendo na madeni. Katika kazi zote hizi mzigo ndio unaoamua urefu wa sentensi na mpangilio wa habari. Mahali pasipo malipo wala kizuizi hupitwa kwa neno moja. Mahali pa ushuru na ugomvi hupewa kurasa. Mhakiki akishaufahamu utaratibu huu, ule unaoitwa ukavu hugeuka kuwa kanuni ya uteuzi, nayo ina ukali wake.

Ni lazima hapohapo kuepuka sifa za kupita kiasi. Hesabu za Tippu Tip si hesabu zisizo na hatia. Ni hesabu za mwenye mali. Frasila zinaonekana, mabega yaliyozibeba hayaonekani. Watu waliotekwa na kuuzwa hupita katika masimulizi yake kama kiasi. Upande wa mashariki wa Kongo, uliopitiwa na kuporwa na misafara ya Manyema, hauwezi kuisoma kazi hiyo kama kielelezo kitupu cha nathari nzuri, ingawa ni nathari nzuri kweli. Aidha, habari zilizokusanywa na Velten zilitakiwa na Velten. Zilikuwa na kazi katika mafunzo ya lugha kule Berlin, na msimulizi alijua anamsimulia nani. Kwa hiyo kusema kwamba motari ni mrithi wa Tippu Tip ni kusema nusu ya jambo. Amerithi fani na kugeuza nafasi ndani yake. Katika masimulizi ya msafara anayehesabu ni mwenye mzigo. Katika masimulizi ya Hombo anayehesabu ni mchukuzi, na pengine ni mara ya kwanza katika historia ndefu ya kitanzu hiki kwa mchukuzi kushika usimulizi wenyewe. Vizuizi vinavyotajwa na mwenye mali ni hasara. Vinavyotajwa na mchukuzi ni hatari ya mwili. Orodha ni ileile, maana ni nyingine kabisa.

Tofauti hii ina mambo mazito nyuma yake. Barabara ya Miti hadi Hombo na zile za Masisi na Walikale zimepita mikononi mwa majeshi na makundi mengi tangu miaka ya 1990. Januari 2025 kundi la M23 liliiteka Goma, Februari likaingia Bukavu, na Machi likafika hadi Walikale penyewe kabla ya kuondoka mwezi uliofuata. Katika nyakati kama hizo masimulizi ya motari, yenye kutaja kwamba siku fulani kizuizi kilikuwa hapa na siku nyingine kimehamia pale, na aliyekisimamia alidai nini, ni kumbukumbu ambayo hakuna afisi inayoiandika. Mhakiki anayeyakataa kwa sababu hayana taswira ya machweo ya jua juu ya Idjwi anasaidia kuipoteza kumbukumbu hiyo. Inafaa kuongeza kwamba msimulizi mwenye busara huacha mengine bila kuyataja. Ukimya wa katikati ya orodha, pale kituo kinachojulikana na wote kinaporukwa, nao ni sehemu ya fani, na unahitaji msomaji anayeijua njia.

Kuna kichekesho cha historia kinachostahili kutajwa hapa. Abiria wa La Poderosa alirudi katika habari za safari miaka 13 baadaye, safari hii katika Kongo ya mashariki. Aprili 1965 Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba, na wapiganaji wa Kuba walipewa majina ya tarakimu za Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Guevara akawa Tatu. Alijaribu kujifunza lugha kwa msaada wa kijana Mkongo, Freddy Ilanga, na mwezi Novemba mwaka huohuo akaondoka bila ushindi. Habari zake za Kongo, zilizochapishwa baada ya miaka mingi, zinaanza kwa kukiri kushindwa, na ziko mbali sana na ucheshi wa mwambao wa mwaka 1952. Zimejaa mizigo: nani amekubali kubeba, nani amekataa, chakula kimefika wapi. Malalamiko yake kwamba wapiganaji wenyeji walikataa kuwa wachukuzi yanasomeka vingine kabisa ukikumbuka karne ya misafara na miongo ya kazi za shuruti chini ya Wabelgiji. Mtu aliyeingia katika Kiswahili kama nambari hakuweza kusikia kwamba neno la kubeba lilikuwa na historia kabla yake. Hapo Guevara ni msomaji mbaya wa nchi aliyomo, pamoja na unyofu wake wote.

Suala la lugha haliwezi kuachwa. Kiswahili cha Kivu, kikikaa kati ya Kitembo, Kinyanga, Kihavu na Kinyarwanda, chenye maneno ya Kifaransa yaliyokwisha kuwa mwananchi, hakifuati sarufi ya Unguja. Motari ni neno la huko; bariere, yaani kizuizi, ni neno la huko. Anayenukuu masimulizi ya Hombo kwa kuyasahihisha kuwa Kiswahili sanifu ataharibu mambo mawili kwa pamoja: mwendo wa sentensi, na ushahidi kwamba msemaji ni mtu wa njia hiyo na si wa nyingine. Kielelezo cha kazi nzuri kipo tayari. Mwaka 1965 André Yav aliandika habari za mji wa Elisabethville kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha Shaba kama kilivyosemwa, na Johannes Fabian aliyatoa maandishi hayo mwaka 1990 bila kuyapiga pasi. Boi alikubaliwa kuwa mwanahistoria. Hakuna sababu ya kifani inayomzuia mwendesha pikipiki kukubaliwa kuwa mwandishi wa safari, isipokuwa kwamba katika tasnifu nyingi mtu huyo angali mfano wa msamiati wa mitaani, na hadithi yake huachwa nje baada ya maneno yake kuchukuliwa.

Hatimaye, Walikale ina kipimo chake cha kale cha habari za safari. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, ulioimbwa na Shé-kárisi Rureke mwaka 1956 kwa muda wa siku 12 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, ni hadithi ya mwendo tangu mwanzo. Shujaa hufungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, akasafiri majini hadi kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye hushuka kuzimu kumtafuta baba yake aliyemkimbia. Mandhari ya njiani hutajwa kwa kiasi cha kazi iliyofanyika hapo na si zaidi. Lakini kabla ya kushuka Mwindo humpa shangazi yake ncha ya kamba na kubaki na ncha nyingine, akimwambia kwamba kamba isipotikisika tena ajue amekufa. Kamba hiyo haimo katika Notas de viaje. Mahali pake ipo barua inayomfikia Guevara kule Bariloche, ambamo msichana aliyemwacha Miramar anamwarifu kwamba hatamngoja. Naye hukunja barua na kuendelea mbele, maana kitabu chake kinamhitaji mtu asiyefungwa popote. Masimulizi ya Hombo yana kamba. Katikati ya orodha ya vituo, bila matayarisho yoyote, msimulizi hutaja mahali ambapo simu ilishika mtandao na aliyepigiwa nyumbani, kisha hurudi kwenye daraja linalofuata.